JUA LILILOPELEKWA BUNGENI, NYOTA YA JELA NA BENDERA ZILIZOBAKI MWEZINI

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, ingawa mtaona wenyewe kwamba inarudi kwa mlango wa nyuma. Kuna vitu viko mbele ya macho yetu kila siku, kwenye bendera, kwenye noti, kwenye barua za serikali, na wala hatuviangalii. Nazungumzia jua, mwezi, nyota na milima ambayo watu wamechora kwenye alama za nchi zao. Je, vinafanana na vilivyoko huko juu kweli? Na kwa nini watu wazima wanagombania michoro hiyo mpaka inafika bungeni na mahakamani?

Anayelipia dakika kwenye kafe asome kwanza habari ya Malawi na ya Papua, mengine arudi kesho. Haya, twende.

MALAWI: JUA LINACHOMOZA AU LIMESHACHOMOZA?

Majirani zetu wa Malawi walipata uhuru tarehe 6 Julai 1964. Bendera yao ina mistari mitatu ya kulala, mweusi juu, mwekundu katikati, kijani chini. Kwenye ule mweusi kuna jua jekundu, nusu tu, linachomoza, lina miale 31. Maana yake haihitaji mwalimu: kumekucha. Hata pesa yao inaitwa kwacha, neno ambalo Mswahili haliwezi kumpa shida maana ni kucha kule kule kwetu.

Miaka 46 ikapita. Rais Bingu wa Mutharika na serikali yake wakasema hapana, nchi haiwezi kuwa inapambazukiwa siku zote, maendeleo yameshafika, jua limeshapanda. Basi bwana, Julai 2010 ikatoka bendera mpya. Mwekundu ukapelekwa juu, mweusi ukaletwa katikati, na pale katikati likawekwa jua zima, la duara, JEUPE, lenye miale 45.

Watu wengi hawakuipenda kabisa. Kwanza hawakuona hayo maendeleo ya kugeuza jua, pili wengine waliona ile ni bendera ya rais, siyo ya nchi. Halafu mambo yakaharibika kweli. Mwaka 2011 mafuta yakawa ya kupanga foleni, fedha za kigeni hazipo, na tarehe 20 Julai watu wakaingia barabarani. Zaidi ya 15 wakauawa. Hebu fikiria, nchi haina petroli na juu ya mlingoti kuna jua la saa sita mchana linasema tumefika.

Mutharika akafariki Aprili 2012, Joyce Banda akaapishwa, na haikuchukua muda. Mei 2012 bunge likapiga kura kurudisha bendera ya 1964. Jua likashushwa, likarudi kuchomoza. Sijui nchi nyingine ambayo wabunge wamepiga kura kuamua ni saa ngapi za asubuhi.

Sasa kichekesho chenyewe. Ukimuuliza mtu wa sayansi ya anga ni bendera ipi ilikuwa na rangi sahihi, atakujibu ni ile iliyokataliwa. Jua ni jeupe. Uso wake una joto la nyuzi kama 5,500 za Selsiasi, na mwanga unaotoka pale ni mchanganyiko wa rangi zote, ambao jicho linausoma kama weupe. Wanaanga wakiwa nje ya hewa yetu wanaliona jeupe. Uwekundu ni kazi ya hewa ya dunia. Jua likiwa chini kabisa mashariki au magharibi, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kukufikia, ile bluu inatawanywa huku na huku njiani, na kinachobaki ni nyekundu na rangi ya chungwa. Kwa hiyo Wajapani nao wenye duara jekundu (wameitumia karne na karne lakini sheria yake rasmi ni ya 1999) wamechora jua pamoja na hewa yake. Si kosa, ni jua la mtu aliyesimama chini akaangalia.

Na huko Mirihi, sayari tunayoizoea kwa jina la Mars, mambo yako kinyume. Mchana anga lake lina rangi ya vumbi, jua likizama pembeni yake panakuwa na BLUU. Siyo hadithi. Gari la Spirit lilipiga picha hiyo mwaka 2005, na gari la Curiosity likapiga tena 2015. Vumbi la kule ni laini sana, na linaupitisha mwanga wa bluu ukielekea mbele vizuri kuliko rangi nyingine. Kwa hiyo binadamu atakayezaliwa Mirihi siku moja akichora bendera ya machweo hatashika kalamu nyekundu.

MWEZI UNAVYOLALA

Hilali na nyota. Uturuki, Tunisia, Algeria, Pakistan, Komoro, Singapore, orodha ni ndefu. Hapa wanasayansi wana malalamiko mawili, moja kila mtu analijua na jingine nadhani watu wa pwani tuna haki ya kulisema kwa sauti kubwa kuliko wengine.

La kwanza ni nyota kukaa ndani ya mwezi. Angalia bendera ya Tunisia, nyota imekumbatiwa kabisa. Au ya Komoro, nyota nne zimepangwa kutoka pembe hadi pembe kwa ajili ya visiwa vya Ngazidja, Nzwani, Mwali na Maore. Angani haiwezekani. Mwezi mwandamo si ukucha, ni mpira mzima ambao umeangaziwa pembeni tu. Sehemu nyingine ipo palepale, giza. Ukitazama vizuri siku ya pili au ya tatu baada ya kuandama utaiona kwa mbali, ina mwanga hafifu wa kijivu, na huo mwanga ni wa dunia yetu unaopiga kule na kurudi. Mwezi uko kilomita 384,400 kutoka hapa, kwa wastani. Nyota ya karibu kabisa ukitoa jua iko mbali mwendo wa miaka zaidi ya 4 kwa kasi ya mwanga. Nyota ikifika pale kati ya pembe inazibwa, basi, mpaka itokee upande wa pili.

La pili ni jinsi mwezi ulivyokaa. Bendera nyingi zimeusimamisha, mgongo kushoto na pembe kulia. Sasa kila Ramadhani sisi hapa tunapanda juu ya mapaa na kwenda ufukweni kuutafuta mwezi, na tunaupata umelala kama dau, pembe juu! Sababu ni mahali tulipo. Karibu na ikweta jua linazama karibu wima kabisa, halizami kwa kuteleza upande kama Ulaya. Mwezi mchanga ukiwa juu ya jua lililozama, mwanga unaupiga kwa chini. Ukienda kaskazini, Istanbul kwa mfano, jua linazama likienda kulia, hivyo upande wa mwezi unaong'aa ni wa chini kulia.

Kulia! Wakati bendera ya Uturuki ina mwanga kushoto. Kwa mtu wa Istanbul au Karachi ule ni mwezi wa mwisho, unaokwisha, ule wa alfajiri. Wapo Wapakistani ambao wamelilalamikia hili miaka mingi kwa sababu hilali yao ya 1947 ilikusudiwa kuonyesha maendeleo, siyo kufifia. Singapore ndio wanachekesha zaidi, wako digrii moja tu kaskazini ya ikweta, hilali yao maana yake rasmi ni taifa changa linalokua, na wameisimamisha vilevile.

Nani alichora vizuri? Mauritania. Tangu 1959 hilali yao imelala, pembe juu, na hata walipoongeza mistari miwili myekundu mwaka 2017 hawakuigusa. Jangwani kule wanauona mwezi umelala karibu kama tunavyouona sisi. Nepal pia wameulaza, ingawa wako kaskazini zaidi.

Na kwa kuwa tumewataja Nepal, bendera yao ndiyo pekee ya taifa isiyo na pembe nne. Mpaka 1962 jua na mwezi wake vilikuwa na nyuso za watu, macho na pua. Katiba ya mwaka huo ikazifuta nyuso na kuweka maelekezo ya hesabu ya kuichora kwa rula hatua kwa hatua. Wanasema maana mojawapo ni kwamba taifa lidumu kama jua na mwezi. Jua limebakiza miaka kama bilioni 5, hapo hakuna wasiwasi. Mwezi ndio unaondoka pole pole, sentimita 3.8 kila mwaka, kiasi cha kasi ya ukucha wako kuota. Tunajua kwa sababu wanaanga wa Apollo waliacha vioo kule na wataalamu wanavipiga kwa miale ya leza kutoka hapa duniani na kupima muda wa kurudi.

BRAZIL: NYOTA ZA SAA MBILI UNUSU ASUBUHI

Ukitaka bendera iliyochorwa na watu waliokaa na mtaalamu wa nyota kabisa, ni ya Brazil. Tarehe 15 Novemba 1889 walimwondoa mfalme, na siku nne baadaye bendera ya jamhuri ikawa tayari. Lile duara la bluu katikati si pambo, ni anga la Rio de Janeiro siku ile ile ya mapinduzi, na sheria yao inataja saa: saa 2:30 asubuhi.

Umeshtuka? Saa mbili unusu asubuhi hakuna anayeona nyota. Zipo, ila jua limeshazifunika. Wabrazili wamechora anga ambalo hakuna mtu aliyeliona kwa macho siku hiyo.

Halafu wameligeuza. Limechorwa kama vile wewe uko nje ya anga unalitazama kutoka nyuma, kwa hiyo kulia kumekuwa kushoto. Ukichukua ile bendera ukaenda nayo uwanjani usiku kutafuta Msalaba wa Kusini utaupata kinyume. Kila nyota ni jimbo, na zilianza 21, tangu 1992 ziko 27. Ile moja iliyo juu ya utepe wenye maandishi inaitwa Spica, ni ya jimbo la Pará. Wilaya ya mji mkuu imepewa nyota ndogo hafifu ya Sigma Octantis, ambayo inakaa karibu kabisa na ncha ya kusini ya anga, nyingine zote zinaizunguka. Wamefikiria.

Huo Msalaba wa Kusini uko pia kwa Australia, New Zealand, Samoa na Papua New Guinea. Sisi tunauona bila shida, toka nje usiku wa Mei uangalie kusini. Australia wameuchora na nyota tano, New Zealand nne. Ya tano ipo, ila ni hafifu, na kwenye miji yenye taa nyingi inapotea.

NYOTA AMBAYO SI NYOTA

Sasa tuende kisiwa hicho hicho cha Papua New Guinea, lakini nusu ya magharibi iliyo chini ya Indonesia. Watu wa huko wana bendera yao: pembeni utepe mwekundu wenye nyota nyeupe, halafu mistari ya bluu na nyeupe. Inaitwa Nyota ya Asubuhi. Ilipandishwa rasmi tarehe 1 Desemba 1961, Waholanzi wakiwa bado wanatawala na wakiahidi uhuru. Uhuru haukuja. Indonesia ikachukua eneo mwaka 1963.

Nyota ya asubuhi ni Zuhura, ambayo ni sayari. Bendera nyingi zina nyota za kubuni tu, hii ina kitu unachoweza kukitoka kukiangalia alfajiri. Watu wa Biak huko wana hadithi ya mzee ambaye kila siku aliamka akakuta tembo lake la mnazi limeibiwa juu ya mti. Akakesha, akamkamata mwizi, kumbe mwizi ni nyota ya asubuhi. Nyota ikaomba iachiwe kabla jua halijatoka, na ikamlipa mzee kwa siri ya maisha mapya. Ndiyo maana ile nyota kwao ni ahadi.

Zuhura yenyewe, wadau, si mahali pa ahadi yoyote. Joto ni nyuzi kama 465, risasi inayeyuka. Hewa ni kaboni dioksidi karibu yote, nzito mara 90 ya hii yetu, na mawingu ni ya tindikali. Inang'aa vile kwa sababu ya hayo mawingu, yanarudisha mwanga mwingi wa jua. Inajizungusha kinyume na sayari nyingi, na taratibu sana: mzunguko mmoja wa kujizungusha ni siku zetu 243, wakati kulizunguka jua ni siku 225. Yaani inamaliza mwaka kabla haijamaliza kujizungusha mara moja. Na ile nyota ya asubuhi na ile nyota ya jioni ni kitu kimoja, miezi kadhaa iko mashariki kabla ya jua, miezi kadhaa magharibi baada ya jua.

Turudi chini. Rais Abdurrahman Wahid mwaka 2000 aliwaruhusu Wapapua kuipandisha bendera yao mradi iwe chini ya ile ya Indonesia. Ruhusa haikudumu, na mwaka 2007 ikatoka kanuni ya serikali inayokataza alama za kutaka kujitenga. Kabla ya hapo, tarehe 1 Desemba 2004, mtumishi wa serikali aitwaye Filep Karma aliongoza sherehe ya kuipandisha mjini Abepura. Hakushika silaha. Mei 2005 akahukumiwa miaka 15. Alitoka Novemba 2015, akafariki 2022. Zaidi ya miaka kumi ndani kwa ajili ya kitambaa chenye picha ya Zuhura, na wengine wameendelea kukamatwa baada yake kwa kosa hilo hilo.

Unaweza kusema kila serikali inalinda bendera yake, sawa. Lakini Malawi walibishana kuhusu jua wakalimaliza kwa kura.

BIBI NA BWANA, NA MLIMA ULIO CHINI YAO

Siku nane tu baada ya Wapapua kupandisha ile nyota, yaani usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na Mwenge juu ya Kilimanjaro. Mwenge huo uko kwenye nembo yetu ya taifa, ile ya Bibi na Bwana kama tunavyoiita mitaani, juu kabisa ya ngao, na mlima wenyewe uko chini, hao wawili wameukanyaga. Wakenya nao ngao yao inasimama juu ya Mlima Kenya, wameujaza mazao kama kahawa, chai, mkonge na mahindi.

Yote miwili ni milima ya volkeno. Kilimanjaro kilele chake ni mita 5,895. Mirihi kuna volkeno inaitwa Olympus Mons, urefu wake kama kilomita 22, na upana kama 600. Upana huo ni kama umetoka Dar na basi la asubuhi, unafika Arusha jioni, siku nzima uko juu ya mlima mmoja! Kwa nini kule mkubwa hivyo? Ganda la dunia yetu limekatika vipande na vinatembea, volkeno hazibaki sehemu moja milele juu ya moto wake. Mirihi ganda halitembei namna hiyo, uji wa moto ukatoka palepale kwa mamilioni ya miaka ukirundikana. Tena uzito wa vitu kule ni kama asilimia 38 ya hapa, mlima hauelemewi upesi.

BENDERA ZINAKWENDA JUU

Mpaka hapa tumeongelea anga kwenye bendera. Bendera nazo zimekwenda angani, na wa kwanza si Wamarekani. Septemba 1959 chombo cha Kisovieti, Luna 2, kiligonga mwezi kikiwa kimebeba mipira ya chuma iliyoundwa kwa vipande vidogo vyenye nembo ya nchi yao. Ndicho kitu cha kwanza cha binadamu kufika kwenye mwili mwingine wa anga. Siku hizo hizo Khrushchev alikwenda Marekani na akampa Eisenhower nakala ya mpira ule kama zawadi. Zawadi ya kejeli, kwa kweli.

Apollo 11 wakaja Julai 1969 na bendera ya nailoni. Mwezini hakuna hewa wala upepo, kwa hiyo waliweka fimbo ya juu ya kuitandaza. Fimbo ikagoma kuvutika yote, kitambaa kikabaki na mikunjo, na mikunjo hiyo ndiyo mpaka leo watu wanasambaza kwenye mitandao eti upepo ulikuwa unaipepea studio. Hapana jamani. Wakati wanaondoka, Aldrin aliiona ikianguka kwa kupulizwa na moto wa injini. Safari sita ziliacha bendera, na picha za chombo cha LRO zilizotangazwa 2012 zilionyesha vivuli vya zile za Apollo 12, 16 na 17, bado zimesimama. Wataalamu wanaamini zimepauka sana, pengine nyeupe, maana jua la kule halina hewa ya kulichuja, na joto la mchana linapita nyuzi 100 halafu usiku wa wiki mbili baridi kali kupindukia. Kisheria bendera hizo hazimiliki kitu. Mkataba wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kujitwalia mwezi.

Wachina, nadhani, walisoma somo la nailoni. Desemba 2020 Chang'e 5 ilikunjua bendera ya kitambaa maalumu. Juni 2024 Chang'e 6, upande wa mwezi tusiouona kutoka duniani, ikakunjua nyingine iliyofumwa kwa nyuzi za jiwe, jiwe la volkeno lililoyeyushwa na kuvutwa kuwa uzi.

Wahindi ndio walinifurahisha. Nembo yao ya taifa ni simba wa Ashoka kutoka Sarnath, sanamu ya zaidi ya miaka 2,200, wakaifanya nembo tarehe 26 Januari 1950. Agosti 2023 Chandrayaan-3 ilipotua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, magurudumu ya kigari chake yalikuwa yamechongwa simba hao, ili kikitembea kiache muhuri wa taifa mchangani. Muhuri haukutoka vizuri. Wataalamu wao wakasema udongo wa pale si vumbi jepesi kama walivyotegemea, unashikana mabonge. Kwa hiyo nembo ikashindwa kazi yake ikafanya ya mtu wa maabara.

JIWE LA ZAWADI

La mwisho hili wengi hawalijui. Apollo 11 ilibeba bendera ndogo ndogo za nchi nyingi za dunia, zikaenda mwezini na kurudi. Serikali ya Nixon ikazigandisha kwenye vibao pamoja na punje chache za mwezi, ikagawa kwa nchi 135. Oktoba mwaka huo huo wanaanga wenyewe, Armstrong, Aldrin na Collins, walizunguka dunia kusalimia watu, na Afrika walipita Kinshasa. Desemba 1972 Apollo 17 ikarudia, safari hii na jiwe moja la karibu kilo 3 lililokatwa vipande vya gramu 1 hivi, kila kipande ndani ya mpira wa plastiki angavu, na bendera ya nchi inayopewa chini yake. Katikati ya safari hizo mbili, mwaka 1971, Congo ilikuwa imeshabadilisha jina kuwa Zaire na bendera pia.

Hivyo vibao vimepata maisha ya kila aina. Cha Ireland kutoka Apollo 11 kilikuwa kwenye kituo cha Dunsink, Dublin. Mwaka 1977 kukatokea moto, vifusi vikazolewa, na punje za mwezi zikaenda jalalani pamoja na mabati. Cha Honduras cha Apollo 17 kiliuzwa kinyemela, na mwaka 1998 mtu aliyekuwa nacho akajaribu kukiuza Miami kwa dola milioni 5. Wanunuzi kumbe ni askari wa upelelezi! Kesi ikafunguliwa dhidi ya JIWE lenyewe kama mshtakiwa, ikaamuliwa 2003, na jiwe likarudishwa kwao.

Na Malta, Mei 2004, mwizi aliingia kwenye makumbusho ya Mdina akachukua jiwe akaondoka. Kibao akakiacha, na bendera ndogo ya Malta, ile iliyokwenda mwezini na kurudi, akaiacha pale pale ukutani.